Greiner: Kiongozi aliyekatwa na msumeno alioutengeneza mwenyewe

WASWAHILI husema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Ni usemi unaopendwa sana na wanasiasa, hasa wanapotaka kuwaonya wapinzani wao. Lakini ni nadra kumpata mwanasiasa aliyeunoa msumeno huo kwa mikono yake, akaukabidhi kwa mtu mwingine, kisha ukamkata yeye mwenyewe akiwa bado amekaa kwenye kiti cha madaraka.

Nick Greiner ni mmoja wa hao wachache. Aliongoza serikali ya jimbo la New South Wales, nchini Australia, kuanzia Machi 1988 hadi Juni 1992. Aliingia madarakani kwa ahadi ya kupambana na rushwa, akaunda tume ya kazi hiyo, na miaka minne baadaye tume hiyo hiyo ikatamka kwamba yeye ametenda kitendo cha rushwa. Akajiuzulu. Miezi miwili baada ya hapo, mahakama ikasema tume ilikosea.

Kisa hiki kinastahili kutazamwa upya, kwa sababu kinajibu swali linaloulizwa kila mahali penye chombo cha kupambana na rushwa: ni kitu gani hasa kinachokipa chombo hicho meno? Wengi hudhani ni sheria iliyokiunda. Maisha ya kisiasa ya Greiner yanaonyesha kwamba jibu haliishii hapo.

Kwanza tuelewe mazingira. Australia ni shirikisho la majimbo 6, na kila jimbo lina Bunge lake na Waziri Mkuu wake, mbali na yule wa taifa. Shule za serikali, hospitali, polisi na reli za mijini vimo mikononi mwa majimbo. New South Wales, ambalo makao yake makuu ni Sydney, ndilo lenye watu wengi kuliko yote. Anayeliongoza hugusa maisha ya kila siku ya mamilioni ya watu.

Greiner hakuzaliwa huko. Alizaliwa Budapest, Hungary, mwaka 1947, akapelekwa Australia na wazazi wake akiwa mtoto mdogo. Alisoma Chuo Kikuu cha Sydney, kisha akachukua shahada ya uzamili ya biashara katika Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani. Aliingia katika Bunge la jimbo mwaka 1980 kwa tiketi ya chama cha Liberal, na mwaka 1983, kabla hajatimiza miaka 36, akawa kiongozi wa upinzani.

Chama cha Labor kilikuwa kimeshika jimbo tangu 1976 chini ya Neville Wran, mwanasiasa hodari aliyemshinda Greiner katika uchaguzi wa 1984. Hata hivyo, serikali hiyo ilianza kunuka. Hakimu Mkuu wa mahakama za mwanzo za jimbo, Murray Farquhar, alifungwa mwaka 1985 kwa kujaribu kupotosha mwenendo wa haki. Rex Jackson, aliyekuwa waziri wa magereza, alifungwa mwaka 1987 kwa kupokea fedha ili wafungwa waachiliwe kabla ya muda wao. Mwananchi wa kawaida aliyesoma habari hizo alijiuliza: kama hakimu na waziri wa magereza wanaishia gerezani, ni nani aliyebaki kuilinda sheria?

Greiner alilishika swali hilo na kulifanya silaha. Wran alistaafu mwaka 1986 na nafasi yake ikachukuliwa na Barrie Unsworth. Katika uchaguzi wa Machi 1988, Greiner na washirika wake wa chama cha National walishinda kwa kishindo na kuung'oa utawala wa miaka 12. Akawa Waziri Mkuu akiwa na umri wa miaka 40.

Ahadi yake hakuiweka kabatini. Mwaka huo huo Bunge lilipitisha sheria ya kuunda Tume Huru ya Kupambana na Rushwa, kwa jina lililofanana na lile la tume ya Hong Kong iliyoundwa mwaka 1974. Tume ilianza kazi Machi 1989. Ilipewa uwezo wa kuwaita mashahidi kwa nguvu ya sheria, kuwahoji hadharani na kuchapisha matokeo yake. Haikupewa uwezo wa kumfunga mtu wala kumfukuza kazi. Hayo yaliachiwa mahakama na wenye mamlaka ya uteuzi. Kamishna wake wa kwanza, Ian Temby, alikuwa mwanasheria mwenye jina, aliyepata kuwa Mkurugenzi wa Mashitaka wa kwanza wa serikali ya taifa.

Jambo la kuzingatia ni maana ya rushwa iliyoandikwa katika sheria hiyo. Haikuishia kwenye bahasha ya fedha. Ofisa wa umma aliyetumia madaraka yake kwa upendeleo naye aliweza kuingia katika maana hiyo, hata kama hakupokea senti moja, mradi tu kitendo chake kiwe cha jinai, au cha kuvunja nidhamu, au cha kutosha kumfanya aondolewe kazini. Greiner aliyakubali maneno hayo. Bila shaka aliwafikiria wale waliomtangulia.

Katika mambo mengine alitawala kama meneja wa kampuni. Mashirika ya umma yaliwekewa sheria ya kuyaendesha kibiashara, na matumizi ya serikali yakabanwa. Waziri wake wa elimu, Terry Metherell, alipojaribu kupunguza walimu na kubadili mfumo wa shule, makumi ya maelfu ya walimu, wazazi na wanafunzi waliandamana Sydney mwaka 1988. Metherell alijiuzulu uwaziri mwaka 1990 kutokana na mashitaka ya kodi. Jina hili tulikumbuke, kwa maana ndilo lililokuja kumwangusha mkuu wake.

Mei 1991 Greiner aliitisha uchaguzi akitarajia ushindi mwepesi. Haikuwa hivyo. Katika Bunge la viti 99, muungano wake ulipata viti 49, Labor viti 46, na wabunge huru wasio na chama wakawa 4. Mmoja wao, Tony Windsor, aliahidi kumwunga mkono. Watatu waliobaki, yaani John Hatton, Clover Moore na Peter Macdonald, walikubali kuiacha serikali iishi, lakini kwa masharti ya maandishi yaliyohusu mageuzi ya Bunge na uwajibikaji.

Metherell hakurudishwa katika Baraza la Mawaziri. Oktoba 1991 alikihama chama cha Liberal na kuketi bungeni kama mbunge huru. Serikali iliyokuwa ikihesabu kura moja moja ikazidi kuyumba.

Aprili 1992 likaja suluhisho lililoonekana la werevu. Metherell alijiuzulu ubunge na papo hapo akapewa kazi ya cheo cha juu katika utumishi wa umma, kwenye Mamlaka ya Kulinda Mazingira. Waziri wa mazingira, Tim Moore, alikuwa rafiki yake. Kiti cha Metherell kilikuwa ngome ya Liberal, na uchaguzi mdogo wa Mei ukakirudisha kwa chama hicho. Mbunge msumbufu ameondoka, kiti kimerudi, na hakuna aliyepokea rushwa ya fedha.

Greiner aliliona jambo hilo kama siasa za kawaida. Serikali zilizotangulia, za chama chake na za wapinzani wake, zilikuwa zikiwapa wanasiasa vyeo vya kuwaondoa njiani: ubalozi huku, uenyekiti wa bodi kule. Katika kujitetea bungeni alidai kwamba kinachohukumiwa pale ni siasa yenyewe. Na kwa haki, hakuwa amesema uongo.

Lakini Bunge ambalo hakulidhibiti lilipeleka suala hilo kwenye Tume. Juni 1992 Temby alitoa ripoti yake. Alisema kazi hiyo ilitolewa kwa upendeleo, na kwamba kwa maana ya sheria Greiner na Moore wametenda kitendo cha rushwa. Wakati huo huo alieleza kwamba Greiner hakuvunja sheria ya jinai, na kwamba mwenyewe hakujiona kuwa anatenda rushwa. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Maana pana ya rushwa, aliyoisimamia Greiner mwenyewe bungeni, ilikuwa imemgeukia.

Hapa ndipo penye kiini cha uchambuzi huu. Tume haikumwondoa Greiner, kwa kuwa haikuwa na uwezo huo. Angekuwa na wingi wa viti kama aliokuwa nao mwaka 1988, angeweza kuipokea ripoti, kuahidi kuifanyia kazi na kuendelea kutawala. Walioyapa maneno ya Temby nguvu ni wabunge watatu. Hatton, Moore na Macdonald walitamka kwamba Greiner asipojiuzulu, watapiga kura ya kutokuwa na imani na serikali. Tarehe 24 Juni 1992 aliachia ngazi, akiwa na miaka 45. John Fahey alichukua nafasi yake, na ndiye aliyeonekana duniani kote akiruka kwa furaha mwaka 1993, Sydney ilipopewa Michezo ya Olimpiki ya mwaka 2000.

Agosti 1992 Mahakama ya Rufani ya jimbo, kwa majaji wawili dhidi ya mmoja, iliamua kwamba Tume ilikosea kisheria. Haikuwepo, walisema, kanuni ya sheria ya kupimia kama Waziri Mkuu astahili kuondolewa kwa kitendo kama kile. Greiner alisafishwa jina. Kiti hakikurudi.

Wako wanaosema huo ulikuwa uonevu. Mtu alihukumiwa na chombo kisicho mahakama, akaadhibiwa na wanasiasa, kisha akaambiwa samahani wakati ajira yake imekwisha. Hoja hiyo ina uzito, na haifai kupuuzwa na yeyote anayependa haki. Chombo kinachoweza kumtangaza mtu kuwa mla rushwa kabla ya mahakama kusema lolote ni chombo cha hatari, hata kinapokuwa na nia njema.

Wako pia wanaosema kwamba bila upana ule wa sheria, utamaduni wa kugawa vyeo vya umma kama pipi usingepata kuulizwa. Fedha za mshahara wa Metherell zilikuwa za walipa kodi, na kazi ile ilistahili kushindaniwa. Ofisa anayenyimwa cheo kwa sababu Waziri Mkuu anahitaji kiti bungeni amedhulumiwa, hata kama hakuna bahasha iliyopita mezani.

Kipimo cha mabishano hayo ni yale yaliyofuata. Wanasiasa wa New South Wales wangeweza kutumia hukumu ya mahakama kama kisingizio cha kuivunja Tume. Hawakufanya hivyo. Mwaka 1994 sheria ilirekebishwa ili ukiukaji mkubwa wa kanuni za maadili za mawaziri na wabunge uhesabike katika maana ya rushwa. Lile pengo lililomwokoa Greiner mahakamani likazibwa. Mwaka huo huo Hatton alilishawishi Bunge kuunda tume ya uchunguzi wa polisi, iliyofichua uozo mkubwa katika jeshi hilo.

Msumeno umeendelea kukata pande zote. Mwaka 2014 Waziri Mkuu Barry O'Farrell wa Liberal alijiuzulu baada ya kuieleza Tume kwamba hakumbuki kupewa chupa ya mvinyo wa mwaka 1959, yenye thamani ya takribani dola 3,000 za Australia. Kesho yake ikapatikana barua ya shukrani aliyoiandika kwa mkono wake. Tume ilikubali kwamba hakukusudia kuidanganya, lakini alikuwa ameshaondoka. Kwa upande wa Labor, waziri wa zamani Eddie Obeid, aliyechunguzwa na Tume, alihukumiwa kifungo mahakamani mwaka 2016 na tena mwaka 2021.

Gladys Berejiklian, naye wa Liberal, alitangaza kujiuzulu uwaziri mkuu Oktoba 2021, Tume ilipotangaza kumchunguza. Mwaka 2023 ilitamka kwamba alitenda rushwa kwa kutofichua uhusiano wake wa siri na mbunge Daryl Maguire alipokuwa akishughulikia fedha za miradi ya jimbo la uchaguzi la mbunge huyo. Alikwenda Mahakama ya Rufani kama Greiner. Safari hii, mwaka 2024, majaji wawili dhidi ya mmoja waliipa ushindi Tume. Miaka 32 ilikuwa imepita, na sheria ilikuwa imejifunza.

Greiner hakuishia jalalani. Alirudi katika biashara, na kati ya 2017 na 2020 alikuwa rais wa chama cha Liberal kitaifa. Julai 2023 Australia ilianzisha tume ya kupambana na rushwa ya taifa zima, miaka 34 baada ya ile ya jimbo lake kuanza kazi.

Kuunda chombo cha kupambana na rushwa si kazi ngumu. Serikali nyingi huunda, hukata utepe na kupiga picha. Ugumu huja siku chombo hicho kinapobisha hodi kwenye mlango wa aliyekiunda. Siku hiyo sheria peke yake haitoshi. Panahitajika Bunge lisilo mfukoni mwa mkuu wa serikali, na mahakama inayothubutu kukiambia hata chombo chenyewe kwamba kimekosea. New South Wales ya mwaka 1992 ilikuwa na vyote viwili, na cha kwanza kilipatikana kwa sababu wapiga kura walimnyima Greiner viti alivyovitaka. Wapiga kura hao ndio waliotia msumeno meno.