Steringi Kanyang'anywa Sigara: Orijino ni Ipi?



Mwezi uliopita nilishuka Mbamba Bay kwa shughuli zangu. Jioni nikaingia kwenye kibanda umiza kimoja kule karibu na ziwa. Kiingilio mia tano, mabenchi ya mbao, vijana wa dagaa wanasubiri giza liingie vizuri ndio watoke na taa zao. Kwenye skrini inachezwa One Piece, ile iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Sanji, yule mpishi wa meli, ana sigara yake mdomoni kama kawaida.

Mara kaka mmoja aliyekaa mbele akaguna. "Hii feki bwana! Orijino jamaa ananyonya pipi, havuti sigara. Mi nilikuwa nayo kwenye CD, Kiingereza kitupu."

Basi, kelele. Wengine wakamuunga mkono, wengine wakamzomea, mwenye kibanda akatishia kuzima deki. Mimi nilikuwa mgeni, nikanyamaza. Leo nasema.

Yule kaka hakudanganya kuhusu CD yake. Pipi ipo kweli. Kosa lake ni moja tu: aliamini kitu kikiwa kwa Kiingereza ndio orijino. Na huo ugonjwa tunao wengi.

PIPI ILITOKA WAPI?

One Piece ni ya Wajapani. Katuni yake ilianza kurushwa kwao mwaka 1999, na Sanji wa kule anavuta sigara toka anaingia kwenye hadithi. Mwaka 2004 kampuni ya Kimarekani inaitwa 4Kids ikaanza kuirusha kwenye televisheni ya Fox, Jumamosi asubuhi, saa za watoto wadogo. Wakaona sigara haifai. Wakaifuta kwenye picha, wakamchorea pipi ya kijiti! Bunduki nazo zikachorwa upya zikafanana na midoli.

Hapo sijasema walivyokata. Episodi 143 za Kijapani zilitoka Marekani zikiwa 104. Kisa cha nyangumi Laboon, yule anayewasubiri rafiki zake warudi, kilitupwa chote. Tatizo ni kwamba mbele ya safari hadithi inamrudia huyo huyo nyangumi. Sasa mtoto wa Kimarekani aliyeangalia kwa 4Kids ataelewa nini? Mwisho wa 2006 kampuni hiyo ikaachana nayo, ikachukuliwa na Funimation, na kwenye DVD zao sigara ikarudi.

Sio One Piece peke yake. Dragon Ball Z ilipoingia Marekani mwaka 1996, watu walikuwa hawafi, eti "wanapelekwa" upande mwingine wa ulimwengu. Kuna mazimwi mawili ya kuzimu yaliyovaa fulana zimeandikwa HELL, yaani jehanamu. Wakachezea herufi mpaka zikasomeka HFIL. Kwenye Pokémon mtu anakula wali uliofinyangwa donge, chakula cha kawaida kabisa Japani, halafu sauti inasema ni donati. Ni sawa na mtu akuonyeshe ugali kwa dagaa wa Nyasa halafu akuambie hiyo keki.

Tusiwaonee lakini. Mwaka 1997 Cartoon Network walianzisha Toonami, kipindi kilichowafanya vijana wengi wa Kimarekani waipende anime. Mwaka 2001 Adult Swim wakarusha Cowboy Bebop usiku, wakijua anayeangalia ni mtu mzima. Kwa hiyo Wamarekani hao hao waliweza kuheshimu kazi ya mtu pale walipokubali kwamba katuni sio lazima iwe ya mtoto wa chekechea. Hata mimi sitaki mdogo wangu aige kuvuta. Ila dawa ya hilo ni kuandika umri na kuirusha saa inayofaa. Kumpachika mtu pipi ni kumdanganya mtoto na mzazi wake kwa pamoja.

NA SISI JE?

Tanzania Bara televisheni zilianza mwaka 1994. Chaneli ya anime ya Animax ilikuwepo DStv kuanzia 2007 hadi 2010, tena kwa Kiingereza. Mbinga ni wangapi walikuwa na DStv? Huku umeme wa gridi ya taifa tumeuona kwenye 2018, laini ya Makambako hadi Songea ilipokamilika. Kabla ya hapo ilikuwa mitambo ya dizeli ya TANESCO, na vijijini jenereta la mwenye kibanda. Shule yetu ya anime na muvi ilikuwa pale pale kwenye kibanda umiza.

Na mwalimu wa pale ni msimuliaji. Wakubwa mnamkumbuka marehemu Lufufu, Derek Gaspar Mukandala, sauti iliyotafsiri muvi za nje kwa Kiswahili mpaka watu wakawa wanaulizia "ya Lufufu" bila kujali muvi ni ipi. Wakenya wana DJ Afro, Waganda wana akina VJ Jingo. Hawa jamaa hawatafsiri neno kwa neno. Wanaeleza, wanatania, wanamshauri steringi, wanamtukana adui.

Wasomi wengine wanawadharau, wanasema wanaharibu. Mimi naona hivi: 4Kids walikata na kuficha mkono wao. Mtazamaji hakuambiwa kwamba hapa palikuwa na sigara, pale palikuwa na nyangumi. Msimuliaji wetu anaongeza, lakini hajifichi. Unasikia sauti ya Kijapani chini, yake juu. Unajua kabisa hapa anaongea Mjapani, hapa anaongea jamaa yetu. Kati ya mtu anayekupunguzia chakula gizani na anayekuongezea chumvi huku unamwona, nani mwizi?

Lakini tusijisifie mno. Siku ile Mbamba Bay msimuliaji alisema Sanji na Luffy ni ndugu wa mama mmoja. Sio kweli! Na mara tatu nzima wahusika waliongea maneno marefu, yeye akacheka tu akapita. Kama anasoma maandishi ya Kiingereza yanayokimbia chini ya picha, asipoelewa anabuni. Hiyo ni tafsiri ya tafsiri, kama habari iliyotoka Songea ikapita midomo kumi kabla ya kufika ufukweni.

Hili kwangu sio mzaha. Mtoto wa darasa la tano kule Lituhi anasoma kwa Kiswahili. Kiingereza chenyewe ataanza kufundishiwa akifika sekondari. Sisi tuliomaliza kidato cha nne wenyewe tunakimbizana na yale maandishi, ukisoma mstari wa pili picha imeshaondoka. Huyo mdogo anabaki na ngumi na makelele. Hadithi ya Naruto, mtoto yatima aliyetengwa na kijiji kizima akakataa kuwa mbaya, inampita pembeni. Ameangalia episodi mia na hajasimuliwa kitu.

TATIZO SIO UWEZO

Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ni ya mwaka 1999. Kazi ya mtu huwezi kuitafsiri ukaiuza bila ruhusa yake. Kwa hiyo msimuliaji wetu anafanya kazi kubwa asiyoweza kuitetea. Mchoraji wa Japani hapati kitu. Msimuliaji naye akimaliza tu, kazi yake inanakiliwa kwenye flashi na memori kadi nchi nzima, na hana pa kulalamika, maana na yeye hakuomba. Wote wawili wanaliwa.

Je, Kiswahili kinaweza kutiwa kwenye kazi ya nje kihalali? Kimeshatiwa! Mwaka 2011 TBC walirusha tamthilia ya Kichina ya Mao Doudou ikiwa na sauti za Kiswahili, mama zetu wakaifuata kama ya kwao. Rais Xi Jinping alipohutubia Dar es Salaam Machi 2013 akaitaja. Mwaka 2016 StarTimes wakaendesha shindano la sauti za Kiswahili pale Dar, washindi wakaenda Beijing kufanya kazi hiyo kwa mshahara. Azam nao wametuletea tamthilia za Kituruki kwa Kiswahili. Ubongo Kids, katuni ya Watanzania wenyewe, inaongea Kiswahili toka 2014. Hata Wajapani sio wageni wa lugha yetu, NHK yao imetangaza kwa Kiswahili miaka mingi.

Angalieni Waarabu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Lebanon waliitia sauti za Kiarabu katuni ya Grendizer. Baadaye Captain Tsubasa, ile ya mpira, ikawa Captain Majid, na watoto wa nchi za Ghuba wakakua wakimwita Tsubasa kwa jina la Majid. Nao walibadilisha mambo, sikatai. Ila aliyeamua alikuwa wa lugha yao, na mzazi akikasirika anajua wa kumuuliza. Sisi tulioletewa pipi ya 4Kids tungemlalamikia nani?

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Televisheni zetu zinazonunua tamthilia kila msimu zijaribu kununua anime moja tu, hata fupi, ziandike umri, na ziwaite hawa hawa wasimuliaji wa vibandani. Wana sauti, wana pumzi, wanajua mtazamaji anachoka wapi. Wapewe mkataba na mtu wa kuwasomea Kijapani chenyewe, sio Kiingereza cha Marekani. Na wasimuliaji nao waache kubuni. Usipoelewa, nyamaza kidogo, acha picha iongee.

Na yule kaka wa Mbamba Bay, kama unasoma hapa: sigara ndiyo orijino, kaka yangu. Pipi ni ya Mmarekani. Ila usijisikie vibaya, wewe ulikuwa na CD, na hakuna aliyekuambia. Ndio maana naandika.

Wadau mnasemaje? Ikija anime ya kwanza kwa Kiswahili halali kwenye televisheni, mngependa ianze ipi, na sauti ya steringi apewe nani? Mi yangu ni Naruto. Tupeni maoni, matusi hapana.