Msanii, linda kazi yako kabla ya kuianika

Wapo vijana wengi mijini mwetu, hasa wanafunzi, ambao ni hodari wa kuchora na duka lao ni simu ya mkono. Mchoro ukikamilika, huupiga picha, wakaitia kwenye Instagram au WhatsApp na kungoja wateja. Ni jambo la busara, lakini kilichoanikwa hadharani huwavutia wanunuzi na wezi pia. Msomaji, ikiwa wewe au mwanao ni mmoja wa wachoraji hawa, zingatia haya.

Kwanza, usianike picha kubwa. Ili mchoro uchapishwe vyema kwenye karatasi ya A4, huhitaji takriban pikseli 2,480 kwa 3,508. Ukiipunguza picha hadi pikseli 1,000 kwa upande mrefu, itapendeza kwenye simu, ilhali ikichapishwa itatoka safi kwa sentimita nane na nusu hivi tu. Mwenye kuiba ili auze fulana hatafika mbali.

Pili, tia jina lako kwa rangi hafifu juu ya sehemu muhimu ya mchoro. Jina lililo pembeni hukatwa mara moja.

Tatu, weka ushahidi. Hifadhi rasimu, picha za kazi ikiwa nusu, na faili za kwanza zenye tarehe. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, haki ni yako tangu unapochora, na hudumu miaka 50 baada ya mwaka wa kufa kwako. Hivyo basi, huo ni urithi wa watoto wako. Si lazima kuisajili kazi kwa Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, lakini cheti chake husaidia kukizuka ugomvi.

Nne, na hapa ndipo wengi huumia, jihadhari na kazi ya kuagizwa. Mteja anakuandikia, "Nichoree nembo ya hoteli yangu," mnapatana bei, unachora. Sheria hiyo huchukulia kwamba aliyeagiza kazi ndiye mwenye hakimiliki, isipokuwa mmekubaliana vingine. Kesho akiichapisha kwenye vikombe na kalenda, huna la kudai. Kwa hivyo, kabla ya kushika penseli, andikeni: hakimiliki inabaki kwa nani, mteja ataitumia wapi, kwa muda gani. Nusu ukurasa uliotiwa sahihi na pande zote mbili unatosha.

Je, na ukiibiwa? Usikimbilie kutukana. Piga picha ya skrini inayoonyesha anwani na tarehe kabla mhusika hajaifuta, kisha upeleke malalamiko rasmi kwa mtandao uliotumiwa. Marekebisho ya sheria ya 2019 pia yanakuruhusu kumwandikia mtoa huduma za intaneti na kumtaka azuie kazi iliyoibwa isionekane.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mchoro nao ni mali.