Somo la Baiolojia lianzie ghalani

KILA mwaka, miezi michache baada ya mavuno, familia nyingi za wakulima nchini hukuta mahindi yameanza kugeuka unga yakiwa bado ghalani. Mharibifu mkubwa ni dumuzi, mdudu aliyeingia nchini kutoka Amerika ya Kati mwishoni mwa miaka ya 1970, akaonekana kwanza mkoani Tabora, na ambaye wakulima walimbatiza jina la Scania.

Katika nyumba hizo hizo wamo vijana wa sekondari wanaosoma Baiolojia. Madaftarini wamechora hatua za ukuaji wa mdudu: yai, buu, pupa na mdudu kamili. Mtihani ukija watazitaja kwa mpangilio na kupata alama. Lakini ni wachache wanaoweza kumweleza mama yao, kwa Kiswahili chepesi, mdudu yule huzaliana vipi ndani ya gunia na afanyiwe nini. Alama zimepatikana, na mahindi yamepotea.

Kasoro hiyo haitokani na uvivu wa walimu. Wanafunzi ni wengi, kipindi ni kifupi, na sehemu kubwa ya muda huishia katika kunakili maandishi ya ubaoni. Vitendo huachwa hadi mtihani unapokaribia.

Ipo njia ya kuupanga upya muda huo. Mwaka 2007 walimu wawili wa kemia katika jimbo la Colorado, Marekani, Jonathan Bergmann na Aaron Sams, walianza kurekodi masomo yao kwa video. Wanafunzi wakawa wanatazama maelezo nyumbani, na kipindi cha darasani kikabaki kwa majaribio, maswali na miradi.

Wapo watakaosema kuwa mbinu hiyo ni ya nchi tajiri zenye kompyuta. Lakini cha kuiga hapo ni mpangilio wa muda. Video si lazima. Kurasa mbili za maelezo, zikitolewa nakala moja kwa kila dawati siku moja kabla, zinatosha kumwondoa mwalimu ubaoni. Kwa shule za kutwa, saa ya kusoma kurasa hizo itengwe shuleni. Msichana anayerudi nyumbani kuchota maji na kupika, katika nyumba isiyo na umeme, hawezi kuambiwa akasome usiku.

Muda uliookolewa ndio uingie kwenye mradi, nao hauhitaji maabara ya gharama. Chupa nne za kioo zitiwe mahindi yenye uzito sawa na dumuzi wa idadi sawa. Ya kwanza iachwe hivyo hivyo kwa kulinganisha. Ya pili ichanganywe majivu, ya tatu majani makavu ya mwarobaini. Hizo tatu zifunikwe kwa wavu laini wa chuma. Ya nne ifungwe kabisa hewa isiingie. Baada ya muhula mmoja wanafunzi wapepete, wapime na kuhesabu punje zilizotobolewa. Hapo ndipo watakapoona kuwa mdudu aliyefungiwa humaliza hewa na kufa, na kwamba hiyo ndiyo siri ya mifuko isiyopitisha hewa inayouzwa madukani.

Kabla ya kufunga gunia, mahindi lazima yawe makavu. Jaribio lake nalo ni rahisi: punje chache na chumvi kavu hutiwa katika chupa kavu, ikatikiswa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu. Si jambo la mzaha. Mwaka 2004 nchini Kenya, hasa katika wilaya za Makueni na Kitui, mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu yaliota ukungu wenye sumukuvu. Watu 317 waliugua na 125 walifariki dunia.

Hesabu ya fedha nayo iwe sehemu ya mradi. Familia yenye magunia 10 ya kilo 100, ikipoteza kilo 10 katika kila gunia, imepoteza gunia zima. Hasara nyingine haionekani kwa macho: kwa kumwogopa dumuzi, mkulima huuza mapema bei ikiwa chini, kisha hununua chakula kwa bei ya juu miezi michache baadaye. Mwanafunzi alinganishe bei hizo mbili katika soko la kijijini kwake na bei ya mfuko mmoja. Jibu atakalolipata litamfaa mzazi wake kuliko kipeperushi chochote.

Matokeo yatolewe kwa ubunifu wa wanafunzi wenyewe. Kundi moja litengeneze mfano wa ghala, jingine litunge ngonjera, jingine lichore mabango, na wote wasimame mbele ya wazazi siku ya kikao cha shule na kujibu maswali. Bwana shamba aalikwe naye, awasahihishe.

Tahadhari ni mbili. Tangu Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwaka 1967, shule nyingi zimekuwa na mashamba, lakini katika baadhi yake jembe liligeuka adhabu ya wachelewaji. Mradi usio na swali la kujibiwa utaishia huko huko. Pili, mradi unaweza kufanywa na mzazi au kununuliwa. Dawa yake ni mwalimu kukagua daftari la kumbukumbu kila wiki na kumhoji mwanafunzi ana kwa ana.

Mitaala mipya iliyoanza kutumika mwaka 2024 inasisitiza ujuzi. Nia hiyo ni njema, lakini walimu na wanafunzi hufuata alama zilipo. Mtihani ukiendelea kumlipa anayekariri hatua nne za mdudu, hakuna atakayejisumbua na chupa nne. Wizara na Baraza la Mitihani waupe mradi alama za kutosha, na halmashauri zitenge fedha za karatasi na mizani. Gharama hiyo ni ndogo ikilinganishwa na mahindi yanayoliwa na dumuzi kila mwaka katika nyumba zenye wasomi.