Arobaini na Nane Si Tusi

Natoa maoni yangu katika gazeti letu la muhula huu juu ya jina moja lililoenea katika mabweni yetu. Jina lenyewe ni "Arobaini na Nane." Wanafunzi wote wanalijua, lakini wazazi na baadhi ya walimu huenda hawalijui, kwa hiyo sina budi kulieleza.

Muhula uliopita, katika somo la bayolojia, tulifundishwa kwamba seli za mwili wa binadamu zina kromosomu 46 kila moja, na za sokwe zina 48. Kromosomu ni vile viuzi vilivyomo katika kiini cha seli, ambavyo huchukua urithi wa wazazi na kuupeleka kwa watoto. Jioni ile mwanafunzi mmoja wa kidato cha chini, ambaye kwao ni kijiji cha ufukoni karibu na msitu wa Gombe, alipita bwaloni na sahani yake. Mtu mmoja akapaza sauti, "Wewe, Arobaini na Nane!" Bwalo zima likacheka. Tangu siku ile hakuitwa tena kwa jina lake. Muhula huu alichelewa kurudi wiki mbili, na nilipomwuliza sababu alinijibu kwamba hakutaka kurudi kabisa.

Mtu yule aliyepaza sauti ni mimi. Wazee husema nyani haoni kundule. Nimekwisha kumwomba radhi, lakini jina nililolitoa peke yangu sasa limo midomoni mwa watu wengi, wala siwezi kulirudisha peke yangu. Basi nataka kuonyesha kwamba jina hili, mbali na ukatili wake, ni kosa hata katika elimu ile ile tuliyojidai kuitumia.

Kwanza, idadi ya kromosomu si cheo. Kama uchache ndio utu, basi simba na nguruwe, wenye 38 kila mmoja, wangekuwa watu kutupita sisi. Kama wingi ndio heshima, mbwa mwenye 78 angekaa kitini sisi tukakaa chini. Huko Bara Hindi yuko mnyama mdogo wa jamii ya kulungu, aitwaye muntjak, ambaye jike lake lina kromosomu 6 tu na dume 7. Nduguye wa China ana 46, sawasawa na sisi. Je, tumpe sare ya shule?

Pili, tuangalie jinsi idadi hizi zinavyobadilika. Mwaka 2022 wataalamu walichapisha kazi yao ya kukisia kromosomu za mzee wa mamalia wote, aliyeishi miaka milioni 180 hivi iliyopita. Waliona kwamba yaelekea alikuwa na jozi 19, bila kuhesabu zile za jinsia. Tangu hapo kila ukoo umekwenda njia yake: pengine kromosomu hukatika ikawa mbili, pengine kipande hugeuka, pengine mbili huungana zikawa moja.

Aliyekwenda Kibirizi jioni ameona wavuvi wa dagaa wanaofunga mitumbwi miwili kwa miti, ikawa chombo kimoja. Ukihesabu vyombo utasema kimepungua kimoja, lakini mbao ni zile zile na wavuvi ni wale wale. Ndivyo ilivyokuwa kwa kondoo. Mbuzi ana kromosomu 60 na kondoo 54, kwa kuwa jozi tatu ndefu za kondoo ni jozi sita za zamani zilizoungana mbili mbili. Hapana mtu wa Ujiji anayesema kwamba kondoo amepungukiwa na kitu.

Sisemi kwamba idadi haina kazi yo yote. Farasi ana 64, punda ana 62, na mtoto wao baghala hupata 63. Kwa kawaida baghala hazai, kwani kromosomu zake hazipatani vizuri katika kutengeneza mbegu. Lakini hilo ni jambo la uzazi, si la heshima.

Sasa nije kwetu sisi. Sokwe, sokwe wakubwa waitwao gorila, na orangutani wa Asia, wote wana 48. Sisi peke yetu katika jamii hii tuna 46. Ncha ya kila kromosomu ina alama zinazojirudia, mfano wa pindo la nguo. Mwaka 1991 wataalamu walichapisha kwamba katika kromosomu yetu ya pili alama hizo za ncha zimo katikati, tena zimeelekeana. Mtu akiona pindo katikati ya shuka hujua kwamba hapo vipande viwili vilishonwa kuwa kimoja. Basi sokwe ndiye aliyebaki na mitumbwi miwili mbali mbali, kama walivyokuwa wazee. Sisi ndio tuliofungwa pamoja. Mzazi asihofu: hatufundishwi kwamba sokwe wa Gombe alimzaa mtu, bali kwamba sokwe na mtu wana mzee mmoja wa kale, aliyeishi mamilioni ya miaka iliyopita. Kwa hiyo "Arobaini na Nane" ni jina la babu yetu sote, pamoja na mimi niliyelitumia kama tusi.

Tena kuna jambo la kuchekesha. Tangu miaka ya 1920 vitabu vya sayansi viliandika kwamba binadamu naye ana 48. Ndipo mwaka 1956 Joe Hin Tjio na Albert Levan, waliofanya kazi Lund huko Uswidi, walipotangaza kwamba ni 46. Kila aliyesoma bayolojia kabla ya mwaka ule alifundishwa kwamba yeye ni Arobaini na Nane, wala hakuona haya. Hata leo wako watu wazima wenye afya ambao wana 45, kwa kuwa mbili zao zimeungana, nao hawajui mpaka wapimwe.

Najua wapo watakaosema, "Huu ni utani tu." Wazee wetu wa Kigoma wanaujua utani kuliko sisi. Mtani hutania naye hutaniwa. Akijibu, wote wawili hucheka. Mwenzetu huyu hakujibu hata siku moja. Alikula upesi akatoka.

Maoni yangu ni haya. Tuliosoma somo lile tuwaeleze wadogo zetu sawasawa, tusiwapelekee nusu ya elimu iwe fimbo ya kuwapigia. Viranja wasilinyamazie jina hili, hata likitajwa na rafiki zao. Na kuanzia chakula cha jioni ya leo, mwanafunzi yule akipita na sahani yake, tumwite kwa jina alilopewa na mama yake. Mimi nitaanza.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne