Taa za Novemba Si Pesa

Mwaka jana, Novemba haijafika hata katikati, picha iliingia kwenye grupu ya WhatsApp ya familia yetu. Dada yangu mkubwa, tunamuita Yaya, amesimama pembeni ya mti wa Krismasi huko Winnipeg, Kanada. Mti una taa za rangi. Chini yake kuna boksi zimefungwa karatasi nyekundu. Dirisha la nyuma yake ni giza tupu. Sisi hapa Nakivale mvua ilikuwa inapiga, na sufuria mbili zilikuwa chini zinapokea maji ya paa linalovuja.

Mama aliiangalia ile picha muda mrefu, akasema, "Mutoto wangu amefika." Mimi nikaandika palepale, mbele ya ndugu wote: "Yaya, Krismasi bado wiki sita na umeshapamba? Kumbe pesa iko. Sisi tunaomba mabati."

Hakujibu. Zikapita wiki tatu.

Naandika haya kwa sababu najua siko peke yangu. Ninafanya kazi na vijana hapa, na kila mwaka picha hizi zikianza kuingia nasikia maneno yaleyale kuanzia Base Camp mpaka Juru na Rubondo: "Ona hawa, wanakula maisha. Wametusahau. Wanatuonyesha tu." Nasema wazi: tunakosea, na kosa hili linavunja familia ambazo vita ilishindwa kuzivunja.

Tuanze na ukweli wa huko. Winnipeg, mwezi wa 12, jua linatoka saa mbili na zaidi asubuhi, na ikifika saa kumi na nusu jioni limezama. Sisi tuko karibu na ikweta, jua letu linazama karibu saa moja jioni mwaka mzima, hatujui kulikosa. Huko baridi inaweza kushuka mpaka nyuzi 30 chini ya sifuri. Usiku watu wanachomeka magari yao kwenye umeme ili asubuhi injini ikubali kuwaka. Katika mji kama huo, watu hawasubiri tarehe 24 Desemba ndio wawashe taa. Gwaride la Krismasi la Winnipeg lenyewe hufanyika Novemba. Hata Wakanada wanabishana kati yao: wako wanaosema usipambe kabla ya tarehe 11 Novemba kupita, kwa heshima ya askari waliokufa vitani. Kwa hiyo Yaya hakuwa anaringa. Alifanya kama jirani zake.

Lakini sisi theluji tumefundishwa na maduka. Pita High Street pale Mbarara mwezi wa 11, utakuta miti ya plastiki imepakwa weupe, kwenye mji ambao watu wake wanatembea na mwavuli wa jua. Ile ni biashara, sina ugomvi nayo. Shida ni kwamba kijana anapanda taksi kurudi Nakivale na kitu kimoja kichwani: theluji, taa, zawadi, pesa. Jioni akiona picha ya ndugu yake kwenye simu, anadhani ameshajua kila kitu.

Siku Yaya alipojibu, hakuandika. Alituma sauti, dakika sita. Alisema anafanya usafi kwenye maofisi usiku. Anatoka nyumbani giza, anarudi giza, analala wakati kale kajua kadogo kako nje. Mti aliupata kwenye duka la mitumba kwa dola tano. Zile boksi zilikuwa tupu, yeye na mtoto wake walizifunga tu ili chini ya mti pasiwe wazi. Akasema: "Mdogo wangu, mimi nikifungua mlango alfajiri hakuna mtu wa kunisalimia. Hizo taa ndizo zinanisalimia."

Mjue pia kwamba wakimbizi wengi wanaopelekwa Kanada wanaenda na deni. Gharama ya safari ni mkopo, wanatakiwa kuurudisha. Na kwa wale waliopokelewa na serikali, msaada wa kuanzia maisha kwa kawaida unaishia mwaka mmoja. Ukiomba mabati, unamuomba mtu ambaye bado analipia tiketi iliyomtoa hapa.

Najua mtakachonijibu. Mtasema: "Yeye ana hita na friji, mtoto wake anasoma. Sisi mwaka 2025 WFP imewaondoa watu kama milioni moja kwenye orodha ya chakula hapa Uganda kwa kukosa fedha. Nani wa kuonewa huruma?" Ni haki yenu kusema hivyo. Njaa si sawa na upweke, na mimi sisemi Yaya anateseka kuliko Mama. Ninachosema ni kwamba picha si risiti. Huwezi kumdai mtu kwa sababu ya taa. Ukimdai hivyo, mwakani hatatuma picha, mwaka unaofuata hatapokea simu, na hapo ndipo utamkosa kweli.

Uongo huu unatugharimu hata sisi tuliobaki. Kijana mmoja wa kikundi changu aliacha kujifunza kushona, amebakiza miezi miwili tu, kwa sababu kesi yake ya Marekani ilikuwa inasogea. "Nishone nini, na mimi naenda kwenye theluji?" Tarehe 20 Januari 2025 Marekani ikasimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Leo hana ndege, hana cherehani. Angejua kwamba hata huko mtu anaanza na ufagio wa usiku, labda angeshika ufundi wake kwa mikono miwili. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi na kutembea. Kusubiri si kazi.

Ninyi wa mashirika, na ninyi mna sehemu yenu. Mnapowaandaa watu kwa safari mnawaonyesha koti, glavu na namna ya kufunga mkanda wa ndege. Asante. Ongezeni na giza. Waambieni kwamba mtu anaweza kulia Novemba bila kujua analilia nini, na kwamba kuna pa kuomba msaada. Waiteni na wanaobaki wasikilize, maana ndio watakaopokea picha.

Na ninyi ndugu zetu wa kwenye baridi: pambeni mapema, pambeni hata Oktoba. Lakini mkimaliza kupiga picha ya mti, geuzeni simu mtupigie na ile barabara ya giza, na viatu vya kazini mlangoni. Mkituficha, mnatuacha tujaze wenyewe, na sisi tunajaza pesa.

Sisi mabati tumenunua matatu Mbarara, kwa maharage yetu wenyewe. Hayakutosha, sufuria moja bado iko chini. Mwaka huu mti wa Yaya umeingia kwenye grupu tarehe 9 Novemba. Nilishika simu nikiwa sijui niandike nini. Mama akaninyang'anya, akabonyeza sauti: "Mwanangu, huko kumekucha? Umelala hata kidogo?"

Safari hii jibu lilikuja baada ya dakika mbili.