Kidoti Hakionyeshi Gari Lililo Nyuma Yako

Wasee, kuna hii kitu tunaandika kila siku chini ya picha zetu: "Nimejitengeneza mwenyewe." Viatu vipya, nimejitengeneza mwenyewe. Simu mpya, hakuna mtu alinisaidia. Mimi pia nimeiandika, tena mara nyingi. Leo nataka kuifuta, na kilichonifanya niifute ni siku moja tu juu ya baiskeli.

Kama hujui, kuna mbio za baiskeli za masafa marefu zinazoitwa mbio za kujitegemea. Si kama Tour de France, mahali gari la timu linakufuata na maji, chakula na baiskeli ya akiba. Hapa mnaanza pamoja, na kuanzia hapo saa haisimami mpaka umalize, hata ukilala kando ya barabara. Mzigo wako unabeba wewe. Ukipata pancha, hiyo ni shida yako. Mwingereza Mike Hall alianzisha moja mwaka 2013 inaitwa Transcontinental, inakata Ulaya nzima. Hapa karibu kuna Race Around Rwanda, kama kilomita 1,000, unatoka Kigali unazunguka unarudi Kigali. Watu nyumbani hufuata kwenye ramani ya intaneti: kila mwendeshaji ni kidoti kinachosonga.

Stori iliyonimaliza ni ya 2019. Dada Mjerumani, Fiona Kolbinger, miaka 24, hajawahi kushiriki mbio kama hizo, aliingia Transcontinental na kuwashinda wanaume wote. Zaidi ya kilomita 4,000, kutoka Bulgaria hadi Ufaransa, kwa siku 10 na masaa kidogo. Nikajiambia, omera, huyu ni rika langu.

Basi mimi na majamaa wawili tukaamua kuzunguka Ghuba ya Winam kwa sheria hizo hizo. Siku ya kwanza: Kisumu, Ahero, Katito, Kendu Bay, Homa Bay, halafu kulala Mbita. Karibu kilomita 150. Siku ya pili: feri mpaka Luanda Kotieno, kisha Bondo, kisha nyumbani. Tukawasha ramani kwenye simu ili mbogi ione vidoti vyetu.

Siku ya kwanza ni muongo sana. Saa kumi na mbili asubuhi pale Nyamasaria miguu ni mipya, barabara ni tambarare, kila mtu anataka kuwa mbele. Karibu na Rabuor tulimpita mzee mmoja na Black Mamba yake, magunia mawili kwenye keria, anakanyaga pole pole. Tukasimama kupiga picha, akatupita. Tukampita tena, tukasimama kununua soda, akatupita tena. Mara ya tatu alicheka tu. Huyo mzee alikuwa amenifundisha mbio hizi zote kabla hatujafika Ahero: anayefika mbali si mwenye kasi, ni yule hasimami ovyo.

Baada ya Katito ndipo mambo yalipoharibika. Mimi nilipata pancha. Jamaa mmoja cheni yake ikakatika kwa wakati karibu ule ule. Mimi nikasukuma baiskeli mpaka kwa fundi aliyekaa chini ya mti na karai la maji. Akatoa tyubu, akaitia majini, akaona povu linapotokea, akakwaruza, akapaka gundi, akabandika kiraka. Shilingi 30. Nikapoteza kama dakika arobaini.

Jamaa yangu alipiga simu. Kakake alikuwa na pikapu huko Sondu. Ikaja na cheni mpya, maji baridi na chapati. Halafu mkoba wake ukapanda pikapu, na pikapu ikabaki nyuma yake ikimfuata taa zikiwaka. Kuanzia hapo kidoti chake kikaruka. Nilipofungua simu, watu nyumbani walikuwa wanamsifu: huyu ni mnyama, huyu ni chuma, anapiga hii kitu peke yake.

Kidoti hakionyeshi gari.

Sasa sikiliza vizuri, kwa sababu hapa ndipo watu wengi hukosea. Wanadhani sheria ya mbio za kujitegemea ni "usisaidiwe." Hapana. Duka unaruhusiwa. Hoteli unaruhusiwa. Fundi wa pancha unaruhusiwa. Ukiwa na pesa unaweza hata kulala gesti. Kwa nini? Kwa sababu fundi aliyeniziba mimi angekuziba hata wewe. Mlango wake uko wazi kwa kila anayepita. Pikapu ya kakako ina mlango mmoja, na unafunguka kwa jina moja. Sheria haikukatazi msaada. Inakukataza msaada ambao mwenzako hawezi kuupata, halafu ujiite mshindi.

Kendu Bay tulipata jambo lingine. Mama mwenye kibanda alituona tumechoka, akatuita "nyathina," akatuwekea uji na mihogo, na akakataa pesa. Yule jamaa wa tatu akaniuliza, si hii ni kuiba mbio? Mbio nyingi za aina hii hazina shida na ukarimu ambao hukuupanga, kwa sababu yeyote angepita hapo angeupata. Lakini mimi sikufikiria sheria. Nilifikiria Simbi Nyaima, lile ziwa dogo la chumvi hapo karibu na Kendu Bay. Sisi wote tumekua tukisikia kwamba palikuwa kijiji, akaja bibi mzee mgeni wakati wa sherehe, wakamnyima chakula na mahali pa kulala, na usiku huo kijiji chote kikazama. Upande huu wa ziwa tunajua vizuri kinachotokea mlango ukifungwa. Ndiyo maana ule uji haukuwa wizi. Ulikuwa mlango wazi.

Kutoka hapo ilikuwa upepo. Kama hujui ziwa, mchana nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji, kwa hivyo upepo hutoka ziwani kuja kwetu. Na ukielekea Homa Bay halafu Mbita, unaelekea magharibi, usoni kabisa mwa huo upepo. Jamaa wa tatu aliacha Homa Bay, magoti yamekataa. Nilifika Mbita saa tatu usiku, taa za wavuvi wa omena zimetapakaa ziwani kama mji mwingine. Jamaa wa pikapu alikuwa ameshaoga, ameshakula samaki, ameshaposti.

Nilikasirika, siwezi kudanganya. Nikalala nikiandika kichwani posti ya kumuaibisha.

Halafu nikaiangalia baiskeli yangu. Ya gia, nyepesi, breki nzuri. Nilipewa na binamu yangu anayefanya kazi Doha. Nikamkumbuka yule mzee wa Rabuor na chuma chake kizito. Kama angekuwa kwenye mbio zetu, sheria ingesema tuko sawa kwa sababu hakuna gari linalonifuata. Sawa kweli? Gari langu lilikuja kabla ya kuanza, ndiyo maana hakuna aliyeliona.

Hii si ya Mbita peke yake. Suleiman Kangangi, Mkenya aliyekuwa nahodha wa Team Amani na aliyefariki mbioni Vermont, Marekani, Agosti 2022, alikuwa sehemu ya kazi iliyoanza na ukweli huo huo: waendeshaji wa Afrika Mashariki wana miguu, lakini viza, tiketi na baiskeli ndizo mbio za kwanza, na wengi huangukia hapo. Mwaka 2021 mbio za Migration Gravel Race zikafanyika huku kwetu Maasai Mara, siku 4, karibu kilomita 650, wageni wakaja kushindana na wetu katika vumbi letu. Ona walichofanya. Hawakumtafutia mtu mmoja pikapu. Walisogeza mlango mahali wengi wanaweza kuufikia.

Sasa nirudi kwa ile posti yangu ya "nimetoka ziro peke yangu." Ukweli ni huu. Nilipoacha chuo, auntie yangu Manyatta alinipa chumba mwaka mzima bila kodi. Alinilisha. Simu niliyorekodia video za kwanza ilikuwa ya mtoto wake. Hiyo si ziro, bana. Hiyo ni pikapu, tena na chapati ndani. Na kuna msee alitoka chuo wiki moja na mimi, ana kipaji kunishinda, hakuwa na auntie mjini. Saa hii yuko mjengo. Kila nikiandika "ni bidii tu," yeye anasoma kwamba hana bidii.

Mtu ataniuliza, kwa hivyo kaka asimsaidie kaka? Amsaidie! Mimi nisingekataa ile chapati. Lakini usipande jukwaani ukasema ulikula upepo peke yako. Ukiulizwa ulifikaje, taja mlango ulioingilia, ndiyo mwingine ajue kama upo kwake au haupo.

Na tukidai kitu, tudai milango ya wazi. Basari inayotangazwa ukutani, si inayonong'onezwa kwa watoto wa watu fulani. Kazi inayopatikana bila "unamjua nani?" Hata kando ya barabara pana ili yule mzee wa Black Mamba asisukumwe mtaroni na matatu. Vitu kama fundi wa Katito: vipo, vinajulikana, bei ni moja kwa kila mtu.

Asubuhi tulipanda feri wawili. Jamaa wa pikapu aliniuliza kama nitamposti. Nikamwambia naposti wote wawili, yeye na gari lake, mimi na baiskeli ya Doha. Alinyamaza kidogo, halafu akampigia kakake arudi nyumbani. Kutoka Luanda Kotieno mpaka Kisumu alibeba mkoba wake mwenyewe. Na alinishinda tena, kwa dakika kumi na mbili. Hiyo nimempa.