Bondia haongei bure, mwandishi jipange

UKIPITA Lupepo jioni, mvua ikiwa imekatika na watu wametoka kwenye chai na migomba, ubishi wa vijana hauishii kwa Simba na Yanga. Wapo wanaobishana kuhusu Undertaker na John Cena kana kwamba jamaa hao wanakaa hapo Kiwira. Kikosi cha Tukuyu Stars kilichobeba ubingwa wa Bara mwaka 1986 hawakijui, ila wanamieleka wa WWE wanawajua mpaka nyimbo zao za kuingilia.

Mieleka hiyo ya kwenye mabanda ya video ndiyo inayoeleza kwa nini kupata mahojiano na mpiganaji wa kulipwa kunawatoa jasho waandishi chipukizi wa mikoani.

Iko hivi. Kule WWE mahojiano ni sehemu ya onyesho. Mwanamieleka akishika kipaza sauti na kumtolea mpinzani maneno makali, anauza tiketi, hatoi habari. Undertaker, jina lake halisi Mark Calaway, alianza WWE mwaka 1990 na kwa miaka mingi hakutaka kuonekana nje ya uhusika wake. Ni mpaka mfululizo wa The Last Ride wa mwaka 2020 ndipo mashabiki walipomsikia akieleza kwa kirefu maumivu, upasuaji na ugumu wa kukubali kustaafu.

Ngumi za Bongo si maigizo, kipigo ni cha kweli. Lakini mdomo nao umekuwa biashara. Karim Mandonga 'Mtu Kazi' alipokwenda Nairobi Januari 2023 kuzichapa na Daniel Wanyonyi, gumzo lilikuwa ngumi yake ya 'Sugunyo' kabla hata hajapanda ulingoni. Akashinda. Julai mwaka huohuo wakarudiana, Wanyonyi akalipa kisasi.

Wiki ya pambano maneno yapo tele, kila kamera inayapata, na yote ni ya promosheni. Mbaya zaidi, kabla ya kupima uzito bondia anakuwa anakata kilo, ana njaa na kiu, hasira ziko karibu. Mwandishi anayempigia simu siku hiyo kuomba nusu saa anajitafutia matusi bure.

Mlango mzuri ni kocha, na muda mzuri ni kabla pambano halijatangazwa. Meneja na promota nao wana funguo, ila wao wanafungua pale wanapokuwa na kitu cha kuuza.

Tatizo jingine ni ombi lenyewe. "Habari kaka, naomba mahojiano" halina kichwa wala miguu. Kocha akiambiwa, "Mwalimu, nataka kuandika kijana wako anakatajekataje kilo huku anaendesha bodaboda, nitakuja gym baada ya mazoezi, dakika 30 tu," hapo anajua anaombwa nini. Anaweza kukataa, lakini hawezi kusema hajaelewa.

Kuna suala la hela. Bondia akiuliza "kuna nini hapo?" wengi wanamwita mroho. Hana mshahara huyo, na pambano lenyewe halijulikani litakuja lini. Bado kumlipa ili aongee ni kununua tambo, maana atasema unachotaka kusikia. Afadhali nauli itoke kwa mwandishi amfuate bondia gym. Kwa aliyeko Tukuyu, kwenda Mbeya ni kama kilomita 70, inawezekana. Dar ni zaidi ya 800, hapo anabaki na simu, na kwa simu bondia asiyekujua anakujibu kwa mkato.

Ndiyo maana kujuana mapema kunalipa. Hassan Mwakinyo alipomchapa Sam Eggington raundi ya pili kule Birmingham, Septemba 2018, wachache walikuwa wanamjua. Aliyekuwa na namba yake kabla ya usiku ule alikuwa na habari mkononi. Septemba 2022 Mwakinyo akapoteza kwa Liam Smith mjini Liverpool, raundi ya nne, na mjadala nyumbani ukaishia kwenye malalamiko yake ya viatu.

Hapo ndipo kurasa za michezo zinapoanguka. Aliyepigwa anaulizwa kisingizio, haulizwi kama kichwa bado kinauma, kama amepimwa, nani analipia vipimo, lini ataruhusiwa kurudi ulingoni. Kamisheni inayosimamia ngumi za kulipwa ipo, promota yupo, maswali hayo yana wenyewe wa kuyajibu.

Na kwa bondia wa mapambano ya utangulizi hali ni ngumu zaidi. Anapanda basi asubuhi akiwa na jicho limevimba, simu yake ina chaji ya kutosha, na hakuna mwandishi anayeipiga.